Miwani Mia Nne na Mume wa Mwalimu

Ijumaa ile, saa mbili asubuhi, mume wa Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba ya misheni, mikono imezama mpaka viwiko kwenye beseni la maji ya sabuni, anaosha miwani. Anaosha huku anapiga mluzi. Furaha aliyokuwa nayo hajawahi kuionja tangu atie mguu kwenye nchi ile ya joto.

Usimwone hivi mzee huyu. Kwao, huko milimani kwenye baridi, alikuwa fundi seremala wa kutajwa. Nusu ya milango ya mji ule imepita mikononi mwake. Basi umri ukafika, yeye na mkewe wakastaafu, watoto wameshakuwa na miji yao, nyumba imebaki inawapwaya. Siku moja mkewe akarudi kutoka kanisani, hata mtandio hajavua, akasema, "Baba watoto, wanatafuta watu wa kwenda kutumika misheni ya mbali. Miaka miwili."

"Huko kuna baridi?"

"Hakuna hata kidogo."

"Twende."

Alifikiri ametua mzigo wa magoti yanayouma kila asubuhi. Hakujua kwamba kukosa baridi ni jambo moja, na kuchemka ni jambo lingine kabisa. Jua la pale lilikuwa halina adabu. Linaingia dirishani kabla hujaalika, linakaa siku nzima, na shati ulilovaa asubuhi ikifika saa nne unaweza kulikamua likajaza kikombe. Kila siku mzee aligombana nalo. Anatoka mlangoni, anatazama juu, anasema, "Na leo tena umekuja?" Mlinzi wa misheni, mtu mzima kama yeye, mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa anamjibu kwa niaba ya jua: "Nimekuja, mzee. Nimekukuta hujafanya kazi."

Utani, lakini ulikuwa unamchoma mahali. Maana mkewe, aliyefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, alipokewa pale kama mvua. Asubuhi darasa la wasiojua kusoma, mchana akina mama, jioni kwaya, Jumapili watoto. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na karatasi ya zamu za wiki, na jina la Mwalimu limejaa kila mstari. Jina lake yeye lilikuwa mstari mmoja tu, chini kabisa: Baba, kuchemsha maji ya kunywa. Useremala? Mafundi wa pale walikuwepo watatu, wana watoto wa kulisha, hakutaka kuwaingilia. Mwezi wa kwanza aliona ni mapumziko. Mwezi wa nane akaanza kujihisi kama kiti kilicholetwa na mizigo. Hata jina hakuwa nalo. Watu wote walimwita Mume wa Mwalimu.

Ndiyo maana Ijumaa ile alikuwa anapiga mluzi. Makanisa ya kwao yalikuwa yameleta maboksi ya miwani za kusomea, miwani kuukuu za watu, kwa ajili ya wazee wa pale ambao macho yameanza kuwasaliti. Ugawaji ulikuwa kesho yake, Jumamosi saa mbili. Mwalimu na Mchungaji walikuwa wametoka alfajiri na pikapu kwenda kutangaza vijijini. Na mzee alipofungua boksi kuchungulia, akakuta miwani chafu. Vidole vya mafuta, vumbi kwenye kona. Tena kila moja imebandikwa kikaratasi kidogo ndani ya mkono wake, kimeandikwa namba: 2.00, 2.50, nyingine 3.00.

Bei, akajiambia. Wamesahau kutoa bei.

Sasa hapo lazima umwelewe. Kwa kina mzee huyu, zawadi haitoki na bei yake. Ni aibu. Ni kama kumwambia mtu, nakupa lakini ujue imenigharimu kiasi gani. Mama yake alikuwa anakwangua bei hata kwenye kiberiti kabla ya kumpelekea jirani. Na kanisani kwao ndivyo walivyolelewa wote: kabla kitu hakijaingia kwenye kapu la zawadi, bei inang'olewa. Mzee akashangaa kidogo kwamba watu wa kwao wametoa vitu vya bei rahisi namna ile, akawasamehe, kisha akapiga moyo konde. Ataosha miwani zote na ataondoa bei zote, na mkewe akirudi atakuta kazi imekwisha. Kazi ya mtu. Si ya kuchemsha maji.

Vikaratasi vingine viling'ang'ania kama kupe. Alivikwangua kwa kucha, vilivyoshindikana kwa kucha akavikwangua kwa kisu. Miwani zikapita kwenye maji ya sabuni, zikapita kwenye maji safi, akazipanga juu ya kichanja cha kuanikia vyombo, kile cha wavu wa chuma, vioo chini, mikono juu, zimelala kama kuku waliofungwa miguu. Zilizokosa nafasi akazipanga juu ya wavu wa zamani wa banda, alioupandisha kwenye matofali. Chini akatandika shuka jeupe, ili ikidondoka moja isiingie mchangani. Miwani mia nne na kumi na mbili. Alizihesabu mara mbili kwa raha tu.

Pikapu ikarudi saa sita na nusu. Mwalimu akashuka, mwanamke mfupi mwenye haraka, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama. Miwani zilikuwa zinawaka kwa jua mpaka unafumba macho.

"Baba watoto. Hizi zote umeosha wewe?"

"Zote. Peke yangu."

"Mungu akuzidishie." Akacheka, akaokota moja, akaigeuza huku na huku. Akaangalia ndani ya mkono wa kulia. Akaangalia wa kushoto. Akaiweka, akaokota nyingine. Akaokota ya tatu. Kicheko kikaanza kurudi kilikotoka.

"Kulikuwa na vikaratasi hapa."

"Vya bei? Nimevitoa. Vingine vilikuwa vikaidi, nimetumia kisu."

"Viko wapi?"

"Nini?"

"Vikaratasi, bwana. Viko wapi?"

Katika miaka arobaini na miwili ya ndoa, mkewe alikuwa amemwita bwana mara nne tu, na mara zote nne alizikumbuka.

"Nimechomea," akasema taratibu. "Nilikuwa nachemsha maji ya kunywa."

Mwalimu akakaa chini. Si kwenye kiti, hapohapo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mchungaji, aliyekuwa anakuja nyuma yake, akasimama kwenye kona ya nyumba, akaona hali, akarudi hatua mbili.

Kumbe namba zile hazikuwa bei hata chembe. Wiki tatu nyuma, wakati mzee amekwenda kituo kingine kusindikiza mizigo ya kanisa, daktari wa macho alipita misheni na mashine yake. Siku tano alipima miwani moja moja, akaandika nguvu ya kila moja kwenye kikaratasi. Halafu akapima watu, akampa kila mtu kadi yenye namba yake. Mzee aliporudi, hakuna aliyekumbuka kumsimulia habari za namba. Kesho ilikuwa ni kulinganisha tu: mwenye kadi ya mbili na nusu anapewa miwani ya mbili na nusu, anakwenda zake. Daktari ameondoka na mashine yake, na atarudi mwakani.

"Kwa hiyo sasa," mzee akauliza, "mtu hawezi tu kujaribu moja moja mpaka apate?"

"Watu mia mbili na zaidi? Miwani mia nne?" Mwalimu hakumtazama. "Mtu mwenye hamu ya kuona atakubali chochote. Atachukua isiyo yake, kichwa kitamuuma, wiki ya pili ataiweka juu ya kabati, na atasema miwani za misheni ni mbovu. Kazi ya daktari ya siku tano, bwana."

Bwana ya pili. Kwa siku moja.

Na kama vile haitoshi, mama mmoja akaingia uani akiwa na mkoba begani na bati dogo la sindano mkononi. Huyu ni Mama Cherehani, mshonaji wa nguo za kwaya, anatoka kijiji cha mbali kabisa cha misheni. Alikuwa ameomba lifti asubuhi na mapema, akafika siku moja kabla makusudi, ili awe wa kwanza kwenye foleni. Miaka minne sasa alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Anakaa barazani kwake na cherehani lake, kila apitaye njiani anamwita, "Mwanangu, njoo unitungie." Siku ambayo hakuna apitaye, hakuna kushona. Kadi yake aliifunga kwenye pindo la leso. Tatu na nusu, namba kubwa kuliko zote, na daktari alimwambia miwani za namba hiyo ziko mbili tu kwenye maboksi yote.

"Hodi wenyewe," akasema. "Nimewahi. Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

Mwalimu akamweleza, kwa upole, bila kumtaja mtu. Lakini Mama Cherehani alikuwa haoni karibu tu, mbali anaona vizuri sana, akamtazama mzee aliyesimama kule na kisu mfukoni.

"Ni Mume wa Mwalimu," akasema.

"Ni mimi," mzee akasema.

"Nilijua. Mwanamume akikaa bila kazi, huosha vitu."

Mlinzi, aliyekuwa ameegemea nguzo ya ua, akacheka mpaka akakohoa. Mzee hakuwa na pa kuweka uso. Akageuka, akajifanya anatengeneza miwani kwenye kichanja, ambazo hazikuhitaji kutengenezwa. Moyoni alikuwa anajipigia hesabu ya aibu: miezi minane anatafuta kazi, kazi ya kwanza aliyojipa amebomoa ya daktari na ya mkewe.

Ndipo mlinzi akaacha kucheka. "Mzee, huku chini kunaungua."

Kweli. Chini ya kichanja, juu ya shuka, palikuwa na jani kavu lililodondoka, na jani lile lilikuwa linatoa uzi mwembamba wa moshi. Mzee akainama haraka kulitoa. Akiwa bado ameinama, mkono umefika nusu ya njia, akasimama hivyohivyo.

Shuka lote lilikuwa na madoa ya mwanga. Kila kioo cha miwani kilikuwa kimetupa doa lake chini. Lakini madoa hayakufanana. Mengine yalikuwa madogo, makali, kama punje ya mahindi yenye moto ndani. Mengine makubwa, yamepauka, yametawanyika. Kichanja ni kimoja. Jua ni moja. Mtu aliyeishi kwa kutazama mbao kama zimenyooka au hazijanyooka hawezi kupita kitu kama hicho.

"Mama watoto."

Mwalimu akaendelea kugeuza ile miwani mkononi.

"Mama watoto, njoo kidogo. Utanikasirikia baadaye, nitakuwepo tu. Njoo uone."

Mwalimu akaja, akainama kando yake, magoti yakalia. Mzee akanyoosha kidole. "Hii na hii zimelala kimo kimoja. Kwa nini hii kitone chake ni kikali na hii ni kama maji yaliyomwagika?"

Mwalimu akatazama. Akachukua ile ya doa lililopauka, akaishusha taratibu kuelekea shuka. Doa likaanza kujikusanya. Likajikusanya, likajikusanya, likawa kitone. Akaishusha zaidi, likatawanyika tena. Akaipandisha, likarudi.

"Nilifundisha hiki kitu," akasema polepole. "Miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka, darasa lilelile, na ubao ule wenye ufa. Kioo chenye nguvu hukusanya mwanga karibu. Kioo dhaifu hukusanya mbali. Unapima umbali kwa sentimita, unachukua mia moja, unagawanya." Akainua uso. "Baba watoto, lete futi."

Wewe, mzee alikimbia. Mlinzi baadaye aliapa kwamba hajawahi kuona mtu wa umri ule akiruka beseni. Futi yake ya chuma ilikuwa chini kabisa kwenye sanduku la vifaa, imefungwa kwa kitambaa tangu siku waliyofika. Akarudi nayo anahema.

Wakaanza na miwani ya Mwalimu mwenyewe, ile iliyoning'inia shingoni pake, ambayo namba yake aliijua: mbili na nusu. Mzee akaishika juu ya shuka, akaipandisha taratibu mpaka kitone kikawa kikali. Mwalimu akavuta futi.

"Arobaini," akasema.

"Mia kwa arobaini ni ngapi?"

"Mbili na nusu." Akacheka kwa sauti iliyomrudisha ujana. "Mbili na nusu, baba watoto. Mchungaji, hebu njoo na ya kwako."

Ya Mchungaji ilikuwa moja na nusu. Kitone kikatulia kwenye sitini na saba. Sawasawa kabisa. Mchungaji akaomba arudie kupima mwenyewe, kisha akarudia tena, mpaka Mwalimu akampokonya.

Sasa hapo ndipo fundi alipoamka. Maana kushika miwani mkono huu na kuvuta futi mkono huu, kwa miwani mia nne, ni kazi ya mwezi. Mzee akaingia stoo, akatoka na ubao mwembamba unaozidi mita kidogo. Msumeno ukalia, randa ikalia, nyundo ikalia. Kwa nusu saa tu alikuwa amesimamisha ubao ule juu ya kibao kingine kifupi kilichobandikwa karatasi nyeupe. Juu ya ubao akachora mistari: mita moja, sitini na saba, hamsini, arobaini, thelathini na tatu, na wa chini kabisa, ishirini na tisa. Kando ya kila mstari Mwalimu akaandika nguvu yake kwa chaki, moja mpaka tatu na nusu. Ilifanana na ngazi ndogo.

"Na jua likihama?" Mwalimu akauliza. "Litaanza kuja kwa upande."

"Nimeshalifikiria." Akapiga msumari mmoja wima kwenye kile kibao cha chini. "Kivuli cha msumari kikipotea, ngazi inatazamana na jua uso kwa uso. Kikitokea, nainamisha ngazi mpaka kipotee. Jua likienda, tunalifuata. Haliniponyoki leo."

Kazi ikaanza saa saba na nusu, na ilikuwa kazi tamu. Mzee anateleza miwani kwenye ngazi, kitone kinakaza, anapaza sauti, "Mbili." Mwalimu anaandika kikaratasi, anabandika, anapitisha. Mama Cherehani, aliyekataa kukaa bure, alipanga sufuria sita za jikoni mstari mmoja: sufuria ya moja, sufuria ya moja na nusu, mpaka ya tatu na nusu. Mlinzi ndiye aliyetangaza msumari. "Kivuli," anasema, mzee anainamisha ngazi. "Kivuli tena. Mzee, jua linakukimbia, leo umeligeuzia kibao."

"Mbili na nusu. Lete nyingine."

"Polepole, vidole vyangu si mashine," Mwalimu akasema, lakini alikuwa anacheka, nywele zimemtoka kwenye kitambaa.

"Mbili. Tatu. Hii nayo tatu. Moja na nusu."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi na hakulisikia. Mia moja. Mia moja na hamsini. Mia mbili. Sufuria ya mbili ikajaa, ikabidi waongeze karai. Sufuria ya tatu na nusu ilikuwa tupu. Mama Cherehani kila baada ya muda aliipapasa ndani kwa mkono, kama mtu anayetafuta chumvi, kisha anaendelea.

Saa tisa na nusu, miwani mia mbili na arobaini zimeshapimwa, mlinzi akasema, "Kivuli." Halafu akasema, "Aa, hapana. Hakuna kivuli. Hakuna chochote."

Wingu lilikuwa limeingia. Si wingu moja, ni ukoo mzima, jeusi, linatoka nyuma ya paa la kanisa bila haraka. Kitone kwenye karatasi kikafifia, kikafa.

Mzee akamgeukia Mchungaji. "Mchungaji, hebu sema neno."

Mchungaji akajikuna shingo. "Mzee wangu, hiyo mvua tumeiomba miezi miwili. Mbele ya kanisa zima. Wewe mwenyewe ulisema amina."

"Nilisema kwa sauti hata," mzee akakiri.

"Sasa nikaombe nini? Kwamba tumebadilisha mawazo?"

"Omba ije, lakini imalize mapema."

Hiyo Mchungaji aliweza. Ikanyesha mpaka mabati yakawa hayasikilizani, na miwani zilizobaki, mia moja sabini na mbili, zikaingizwa sebuleni juu ya meza. Mama Cherehani alipewa kitanda cha wageni. Kabla ya kuingia kulala alisimama mlangoni akiwa na bati lake la sindano.

"Mume wa Mwalimu. Za namba yangu ni mbili tu, sivyo?"

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Na hujaivunja hata moja ulipokuwa unaosha?"

"Sijavunja."

"Haya. Nitalala."

Yeye mzee hakulala sana. Aligeuka upande huu, akageuka upande huu, mpaka mkewe akasema kwenye giza, "Baba watoto, hata ukigeuka mara mia, jua lina saa yake." Alichosikia mzee katika maneno yote hayo ni yale mawili ya mwanzo. Akapitiwa na usingizi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa uani. Mvua imekata, ardhi inafuka mvuke, mbingu imeoshwa kuliko hata miwani. Na jua lilipochomoza juu ya ua, mzee aliyeligombeza miezi minane alivua kofia. "Karibu," akaliambia. "Karibu sana. Umechelewa."

"Nilikuwa naoga," mlinzi akajibu.

Jua lilikuwa chini bado, kwa hiyo ngazi ikalazwa karibu iguse ardhi, imeegemezwa kwenye kiti, mpaka kivuli cha msumari kikapotea. Wakaanza tena. Lakini na watu nao walishaanza kuingia. Wazee na fimbo zao, akina mama na leso zao, kila mmoja na kadi mkononi. Badala ya kupanga foleni wakapanga duara. Walikuwa hawajaona jambo kama lile, jua linapewa kazi ya daktari. Mzee akipandisha miwani na kitone kikikaza, duara zima linavuta pumzi. Mtu mmoja akaanza kubahatisha, "Hiyo mbili," na mwenzake, "Hiyo tatu, tazama vizuri," na baada ya muda uwanja mzima ulikuwa unabahatisha kwa kelele, na aliyekosea anazomewa.

Mia tatu. Mia tatu na hamsini. Sufuria ya tatu na nusu ilikuwa bado tupu.

Mama Cherehani hakuwa anabahatisha. Alikaa kwenye kigoda kando ya sufuria yake, kadi amefungua kutoka kwenye leso, ameikamata kwa mikono miwili. Mzee alijitahidi asimtazame na kila mara akamtazama. Zikabaki thelathini. Zikabaki kumi na moja. Akashika moja yenye vioo vinene, akaishusha, akaishusha, kitone kikakaza ilipofika kwenye mstari wa nguvu ya tatu. Tatu tu. Akarudia, labda amekosea. Tatu.

"Sema ukweli," Mama Cherehani akasema.

"Tatu."

"Haya, lete nyingine."

Zilizofuata mbili zilikuwa za mbili. Halafu akashika moja ya fremu nyekundu, kubwa, ya mwanamume mwenye kichwa kipana. Akaiteleza kwenye ngazi. Kwenye mita moja, hamna. Kwenye hamsini, ukungu. Arobaini, ukungu unajikusanya. Thelathini na tatu, karibu, lakini bado. Duara likasogea mbele. Akashusha kidogo tena, kama mtu anayelaza mtoto, na kitone kikakaza, kikali, kikaanza kuchoma karatasi. Vidole vyake vilikuwa juu ya mstari wa chini kabisa.

Mwalimu akainama, akasoma chaki yake mwenyewe.

"Tatu na nusu," akasema Mwalimu.

Walipopiga kelele, kuku wa Mchungaji walikimbilia barabarani. Zilikuwa bado miwani saba hazijapimwa na ya pili ya namba ile ilikuwa humohumo, lakini nani wa kusubiri. Mama Cherehani alishavaa. Fremu nyekundu ikamfika mpaka kwenye mashavu.

"Hii ni ya mwanamume," akasema.

"Tutapunguza," mzee akasema. "Nitakuwekea kamba nyuma."

Hakumsikia. Alikuwa amefungua bati, ametoa sindano na uzi mweusi. Akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaileta mbele ya pua. Ukaingia mara ya kwanza. Akautoa. Akautunga tena. Akaukata, akatunga sindano ya pili, na ya tatu, na ya nne, anachomeka kwenye mkono wa gauni lake, mpaka zikawa kumi na mbili zimejipanga na mikia yao, na watu wakaanza kucheka, na yeye anatunga tu.

Halafu akainua uso, akamtazama mzee kwa karibu kwa mara ya kwanza.

"Nani kakushonea hii kola?"

"Kwa nini?"

"Imepinda. Tangu jana natembea na mtu amepinda kola sina habari. Vua nikunyooshee. Ngoja, hapa kwenye kiwiko una nini?"

Mzee akageuza mkono. Nyuma ya kiwiko, kimegandia kwa sabuni na jasho, palikuwa na kikaratasi kimoja kidogo. Kilichonusurika kati ya mia nne. Namba yake ilikuwa imefutika na maji, hakuna aliyeweza kuisoma.

Mwalimu akakibandua kwa ncha ya kucha. Akakitazama. Akamtazama mumewe, ameloa jasho, kola imepinda, futi imening'inia shingoni. Akachukua kalamu ileile aliyokuwa anaandikia namba, akaandika neno moja juu ya kile kikaratasi, akakibandika kwenye mfuko wa shati la mumewe, akakigandamiza kwa kidole gumba.

Mzee hakuwa na miwani ya kusomea. Hakuwahi kufikiria kwamba na yeye anaihitaji. Ikabidi Mama Cherehani asogee, ainamishe ile fremu nyekundu, amsomee.

"Fundi," akasoma.

"Na wewe kumbe hujapimwa," Mwalimu akamwambia mumewe. "Utapanga foleni kama wenzako. Sasa hebu tumalizie hizo saba, Fundi, watu wanasubiri."

Mlinzi akatazama msumari. "Kivuli," akasema.

Na Fundi akainamisha ngazi.